Kamba Iliyoinua Kichwa

Papa,

Nyoka alikuwepo. Nimejua sasa, miezi minane baada ya kukuzika, na ninakuandikia nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, hata sijui ipi ishike kalamu. Ungeniambia. Ungekuwa hapa mezani na kikombe chako cha chai ya maziwa, hilo ndilo ningekwambia kabla hata ya kukuamkia: Papa, ungeniambia.

Najua kwamba haya yote wewe uliyajua kabla yangu. Niache hivyohivyo niyaseme kwa mpangilio. Si ndivyo ulivyonifundisha? Mpima ardhi akipotea porini harukiruki ovyo, anarudi kwenye nguzo ya kwanza na kuanza kupima upya.

Kwanza habari za nyumbani. Fleti yako ya Laeken tumeirudisha kwa mwenyewe. Alikagua kuta, akapiga picha misumari yako yote kana kwamba ni ushahidi wa mauaji, akasema tuing'oe na kuziba matundu. Nimeyaziba. Yule jirani wa chini, mama Mbelgiji mwenye mbwa, alilia kwenye ngazi kuliko watu wa kanisani. Nguo zako nimezigawa, makoti mawili yameenda kwa Wasomali wa ghorofa ya nne. Mkanda nimebaki nao. Upande wa kulia ngozi imechubuka na kuwa nyeupe, pale iliponing'inia bastola miaka kumi na saba. Bastola yenyewe uliiacha Bukavu, juu ya meza ya bosi wa kampuni, kesho yake baada ya maziko ya Tonton Bahati, rafiki yako wa kazi, wala hukuishika tena. Lakini mkono wako haukusahau. Unakumbuka ile bustani ya Laeken? Kila ukitaka kukanyaga majani, hata yale yaliyokatwa yakabaki kimo cha kidole, ulisimama, ukapiga mguu chini mara mbili, na mkono wa kulia ukashuka kiunoni wenyewe. Wanangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nawe ulicheka nao, ukawaambia, "Chekeni tu. Nyoka ya Bulaya nayo iko na meno." Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilijua mkono ule ulifanya nini.

Au nilidhani najua.

Nilipokuwa mtoto nilijivunia ile bastola, nisikufiche. Pale Bukavu watoto wengine baba zao walirudi kutoka kazini na mifuko ya vitabu au harufu ya samaki. Wewe ulikuja mara moja kwa mwezi kutoka mashamba ya chai, na tope hadi magotini, na kiunoni kitu ambacho hata askari polisi alikitazama mara mbili. Kampuni ilikupa kwa karatasi na muhuri: bastola moja, kwa ajili ya nyoka. Ulikuwa ukikata njia kwenye vichaka ambavyo mtu hajavipita tangu Mungu aviumbe, na huko kulikuwa na piri wanene kama mkono wa mtu, wamelala kwenye majani makavu, wala hawakimbii ukija. Mama akilalamika kwamba chuma kile kitatuletea balaa, ulipiga kiuno chako na kusema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini hii iko inaua ya mbali." Ulipenda sana mzaha huo. Ulituonyesha risasi zako maalumu ambazo ndani yake kulikuwa na chembechembe ndogo kama mtama, ili ukipiga zitawanyike, maana nani anaweza kulenga kichwa cha nyoka kwa risasi moja? Ulizipanga juu ya kitambaa cha meza, mbili za mtama mbele, za kawaida nyuma. Sikuruhusiwa kugusa.

Na Tonton Bahati. Yeye alishika upande wa pili wa kamba yako ya kupimia kwa miaka yote hiyo. Wewe mwanzo wa kamba, yeye mwisho. Mlikuwa mkisimulia kazi yenu barazani, nami nikisikiliza: kamba imenasa, kamba imelowa imepungua, vuta kamba, shika kichwa cha kamba. Neno "kamba" lilikuwa kwenye kila sentensi yako, kama wengine wanavyosema "Mungu akipenda." Ndiyo sababu, Papa. Sijitetei, lakini ndiyo sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Tonton Bahati alipokufa kwa risasi yako. Nyumbani tuliambiwa "ajali ya kazi" na mlango wa maneno ukafungwa. Mama hakuufungua hadi anaingia kaburini. Halafu vita, halafu njia ndefu ile, halafu Brussels, mimi na wewe tu.

Sasa nguzo ya kwanza. Ofisi ya mwanasheria wa ombi letu la ukimbizi, Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa, Desemba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na Kifaransa changu kilikuwa kizuri kuliko cha kila mtu tuliyemjua, na nilihakikisha kila mtu anajua. Tulianza saa nane mchana. Mwanasheria aliuliza habari za kazi yako, ukamweleza bastola: "Ni ya nyoka, maître, ya nyoka tu." Nyoka, nyoka, nyoka. Nilifasiri bila kukosea, yule mama akatabasamu, akasema hajawahi kusikia kibali cha namna hiyo. Tukaendelea na vita, na mito, na majina ya vijiji. Saa kumi na moja taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka, dirisha jeusi, na ndipo akauliza lile swali ambalo lazima waliulize: Je, umewahi kumdhuru mtu kwa silaha?

Uliinamisha kichwa. Ukasema polepole, ukitazama viatu vyako: "Ile kamba ilikuwa inalala karibu ya muguu ya Bahati. Ikainua kichwa. Nikapiga." Ukasema risasi za mtama zilikuwa zimekwisha na kampuni haikuwa imeleta nyingine, ukapiga kwa risasi ya kawaida, ikagonga jiwe, ikarudi na kuingia pajani mwa Bahati. Saa sita za kumbeba hadi zahanati. Hakufika.

Nami nikamgeukia mwanasheria na Kifaransa changu kizuri. Nikasema kamba ilikuwa chini karibu na mguu wa rafiki yake, ncha yake ikanyanyuka, akaipiga. Yule mama akanyanyua macho: "Sur la corde?" Nikakazia: "Oui, madame, la corde." Ndiyo, kamba. Nilikuwa nimekaa upande wako wa kulia, upande wa sikio uliloharibu kwa mlio wa ile bastola, na nadhani hukusikia. Au ulikuwa mbali. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya viatu. Yule mama akaandika, akaandika "ajali," ukatia sahihi. Kwenye mahojiano yenyewe walikuuliza vita na njia, habari ya risasi waliisoma tu wakaivuka. Karatasi za ukaazi tulipata. Tulinunua kuku mzima.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wangu mimi uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Nguzo ya pili. Miaka minne baadaye Maman Sifa, mjane wa Bahati, akafika Brussels na wanawe watatu, na Jumapili ya kwanza tu akaingia kanisani kwetu, kile chumba cha kukodi karibu na Porte de Namur. Akakuona. Hakupiga kelele. Alitaka wazee wa kanisa wakuite, aulize mbele yao, maana huko nyumbani palikuwa na maneno kwamba ulimuua mumewe kwa sababu ya cheo. Ulikubali kabla hawajamaliza kukuuliza. Ulikuja na ile karatasi ya mwanasheria, imekunjwa kwenye mfuko wa koti, hujawahi kuifungua tangu siku ya sahihi. Nani anasoma kesi yake mwenyewe kwa kujifurahisha? Ukasema, "Karatasi ya muhuri haidanganye," ukampa shemasi aisome kwa sauti.

Akasoma. Akafika kwenye corde.

Kifaransa chako kilikuwa cha sokoni na cha basi, lakini corde ulilijua, nani angelijua kuliko wewe? Nilikuwa mlangoni na termosi ya chai. Uliinua kichwa, ukanitazama mimi. Miaka kumi na minne nimeubeba ule mtazamo nikidhani ni wa mtu aliyeumbuliwa. Maman Sifa akasimama, akasema, "Kule kwetu waliniambiaka ni nyoka. Hapa karatasi yako mwenyewe inasema corde. Donc bwana yangu alikufa kwa muchezo? Ulikuwa unalenga kamba mbele ya miguu yake, muone nani anajua kupiga?" Chumba kizima kikakungojea. Nawe ukasema, "Kama imeandikwa vile, ni vile."

Siku ile nilikuamini, Papa. Niliamini maneno yako dhidi yako. Niliona yote: wanaume wawili wamechoka, jioni, mzaha, mmoja anatoa bastola ili kujionyesha. Iliingiana na ule mzaha wako wa fimbo. Mwezi uliofuata nikahamia kwa rafiki yangu, nikasema ni karibu na shule. Nilikuwa nakuja Jumapili, napika, naosha vyombo, narudi. Wajukuu nilikuletea, lakini kukaa nawe kimya chumba kimoja sikuweza. Maman Sifa alifungua duka lake Saint-Josse, anauza unga wa muhogo na mawese na samaki wa chumvi, akauzia kila mtu isipokuwa wewe. Hukulalamika. Ulipanda metro hadi Porte de Namur kununua unga uleule kwa bei zaidi, na ukaniambia wa kule ni laini.

Mara moja ulijaribu. Tulikuwa kwenye tramu, wanangu wamelala, ukaniuliza ghafla, "Mapendo, unajua kamba ni nini?" Nikakwambia, "Papa, acha." Ukaacha. Ukatazama nje mpaka tulipofika, ukashuka, ukasema tu barafu inateleza niangalie.

Sasa nakuja kwenye jambo la mwezi uliopita. Unajua kazi yangu, nyumba ya wazee. Tunaye bibi mmoja kutoka Bujumbura, Bibi Mwajuma, ugonjwa wa kusahau umemla Kifaransa chote, amebaki na Kiswahili tu, kwa hiyo kila kitu chake naitwa mimi. Ilikuwa saa kumi na moja, saa zimesharudishwa nyuma, nje giza. Nikamkuta amepandisha miguu kitandani, amekumbatia magoti.

"Mwanangu, kuna kamba chini ya kitanda."

Niliinama, nikatazama. "Hakuna kamba, Bibi."

"Ipo. Imeniangalia."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia kamba haina macho. Mwanawe akaingia na mfuko wa machungwa, akasikia, akacheka pia, lakini alinicheka mimi. "Dada, mama anaogopa nyoka. Giza likishaingia hamtaji kwa jina, ukimtaja umemwita. Anasema kamba. Kwani nyinyi kwenu Kongo mnasemaje?"

Nikasema sijui. Nikatoka, nikaenda chumba cha mashuka, nikakaa juu ya magunia ya nguo chafu, na sauti yako ikaja neno kwa neno. Ikainua kichwa. Wewe ulikulia kijijini, mimi nilikulia mjini kwenye barabara ya lami, nyoka nilimwona kwenye kitabu. Mchana ule kwa mwanasheria ulisema nyoka mpaka yule mama akatabasamu. Giza la saa kumi na moja la Brussels lilipoingia, ulifunga mdomo wako kama ulivyofundishwa na mama yako. Nami, kwa kuwa kwenye kazi yenu "kichwa cha kamba" ni ncha yake, sikuona ajabu yoyote. Kuna msemo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilimsikia nyoka mzima, nikamwita kamba.

Jioni ileile nilifungua sanduku lako. Karatasi iko palepale, imekunjwa mara nne. Nilifika kwenye mstari ule. Hakuna kitu juu yake. Lakini niliigeuza dirishani, na taa ya barabarani ikanionyesha alama. Juu ya neno corde uliandika "serpent", yaani nyoka, kwa ile penseli yako ngumu ya ramani, halafu ukafuta. Weusi wa penseli umetoka, ila ncha ilikuwa imechimba karatasi. Nilipitisha ukucha wangu humo, herufi moja moja.

Nilikaa sakafuni, koti langu bado mwilini. Nikaelewa ule mtazamo wako wa kanisani ulikuwa hesabu. Ulipiga hesabu upesi kama ulivyopima mteremko kwa jicho. Mwaka ule karatasi zangu za uraia zilikuwa mezani kwa serikali, na wewe ulikuwa unaogopa kwamba neno moja likibadilika watafungua faili lote. Na zaidi ya hapo, nusu ya watu waliokaa kwenye viti vile karatasi zao zilipita mdomoni mwangu. Nilikuwa "mufasiri yetu," binti ya kanisa, nilifasiri hospitalini, manispaa, kwa wanasheria. Ungesema pale kwamba mtoto huyu hajui hata nyoka ni nini, ningekwenda wapi? Kwa hiyo ukameza. Ukakubali kuwa mtu aliyemuua rafiki yake kwa mchezo, na ukakubali mimi niamini hivyo.

Nililia, Papa, na kilio kile kilikuwa na raha ndani yake. Nilijisikia nimepata baba mpya. Laiti ningeishia hapo barua hii ingekuwa fupi.

Jumamosi nilikwenda kwa Maman Sifa. Nilikwenda saa tano asubuhi, kukiwa na jua hafifu, kwa makusudi. Alikuwa anampimia mteja dagaa. Akaniona. "Weye unatafuta nini hapa?" Nikasema nimekuja kwa habari ya Tonton Bahati. Alimaliza kupima, akarudisha chenji, akageuza kibao cha mlangoni, tukabaki wawili na harufu ya samaki.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye maneno yako akainua mkono. "Rudilia. Vile alisema, si vile ulitafsiri." Nikarudia: ile kamba ilikuwa inalala karibu ya muguu ya Bahati, ikainua kichwa, nikapiga. Akashika ukingo wa mizani.

"Ikainua kichwa," akasema. "Ilikuwa saa ngapi kwa ile bureau?"

"Giza lilikuwa limeingia."

"Mapendo, kwetu hata mutoto ya myaka tatu angejua. Kama wangesoma kwa Kiswahili, ile siku ningejua palepale kwa kiti. Lakini walisoma corde."

Nilimuuliza, maana swali hili lilinisumbua usiku mzima, kama haiwezekani ulijitungia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Muntu mwenye kudanganya hachungi mwiko."

Basi nikadhani yameisha. Nilishafungua mikono, Papa, nilikuwa nimejiandaa kukumbatiwa. Yeye akavuta kreti la soda, akakaa.

"Bon. Donc papa yako alijua ni weye ulikosea."

"Alijua."

"Kuanzia ile siku ya kanisa."

"Ndiyo, Maman."

"Quatorze ans," akasema. "Myaka kumi na ine mie naamini bwana yangu walimufanya shabaha ya muchezo. Watoto yangu wamekomaa na ile. Ule mukubwa hataki hata kusikia jina ya Bukavu. Nyoka ningemusamehe. Nyoka ni nyoka. Papa yako alinipokonya bwana kwa makosa, sawa, ni Mungu. Halafu alininyima na nyoka, kwa kupenda. Neno moja tu. Angekuja hata kwa mulango ya nyuma, aniambie mie peke yangu. Akachagua mutoto yake."

Nilitazama makopo ya nyanya. Alikuwa na haki, na niliichukia haki yake, na nikakuchukia kidogo nawe, pale pale nilipokuwa nimeanza kukupenda upya.

Hajanifukuza. Aliniambia anachotaka. "Utasema mbele ya batu. Palepale karatasi ilisomwa. Na kwa Kiswahili, hapana kwa ile Kifaransa yenu." Nikamwambia watu wataanza kuuliza habari za mafaili yao. Akasema hiyo si kazi yake. Akainuka, akageuza kibao, akafungua mlango, na mama mmoja akaingia kuulizia pondu, majani ya muhogo.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Siogopi serikali tena, nimeshapiga simu kwa mwanasheria mwingine, amesema mfu hashtakiwi na mimi nilikosea tu, sikudanganya. Naogopa vichwa vingine ambavyo mdomo wangu umeviponza. Naogopa yule baba wa Uvira niliyemfasiria mwaka uleule, akakataliwa, na leo hatujui yuko nchi gani. Yeye alisema nini, ambacho mimi nilikisikia vingine? Nimekaa nikiukumbuka mdomo wake, sipati neno hata moja. Hili hukunisaidia kulikwepa, Papa. Umenichelewesha tu.

Na kuna jambo jingine, ambalo nalo nalisema ili barua iwe na ukweli wote. Nyoka kuwepo hakukusafishi kama nilivyotaka. Jioni moja tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, askari wanapita na bunduki zao, ukasema kama unajisemea, "Muntu iko na bunduki hawezi rudi nyuma. Hata pale kurudi nyuma kunatosha." Nilidhani unawasema wale askari. Sasa nakuona pale kichakani: piri ameinua kichwa, Bahati amesimama kama jiwe, na nyote wawili mngeweza kurudi hatua mbili tu, na nyoka angelala tena zake. Mtu mwenye fimbo angerudi nyuma. Mkono wako ulishuka kiunoni kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushika. Ulilijua hilo miaka yote, nadhani ndiyo maana hukujitetea kwa nguvu hata kwa ajili yako mwenyewe. Ulijiona unastahili adhabu, basi ukaichukua iliyokuwa karibu. Ila ile adhabu hukuibeba peke yako. Maman Sifa aliibeba, na watoto wake watatu, na hukuwauliza.

Nami ni mwanao kweli. Ningekuwa kwenye kile kiti, na mwanangu mlangoni na termosi, huenda ningenyamaza vilevile. Ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Jumapili hii nitasimama. Nimeshamwambia shemasi, akanitazama kwa wasiwasi akasema nifupishe. Sitafupisha. Nitasema nyoka alikuwepo, na kwamba aliyemfanya kamba ni mimi, na kwamba mtu yeyote niliyemfasiria akitaka tukae na karatasi yake, nitakaa naye mpaka tumalize, hata ikichukua miaka yangu yote iliyobaki. Maman Sifa atakuwa amekaa mbele. Amesema atakuja na wanawe, hata yule mkubwa.

Pumzika sasa, Papa. Nimekusamehe kabla sijamaliza kukukasirikia, na sijui kama hiyo inaruhusiwa. Nakuahidi nitawaambia kwamba ulinyamaza kwa ajili yangu.

Sitawaambia kwamba ulifanya vema.

Mwanao,
Mapendo